Tamthilia Isiyo na Jukwaa: Utendaji katika Ufundishaji wa Fasihi ya Kiswahili nchini Kenya

Swali la dondoo lina historia ndefu katika karatasi ya fasihi ya mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne nchini Kenya. Mtahiniwa hupewa maneno ya mhusika, akaagizwa ayaweke katika muktadha wake: nani anayasema, anamwambia nani, wapi, na kwa sababu gani. Anayejibu yote manne hupata alama 4. Jinsi maneno yenyewe yanavyotamkwa, kwa kunong'ona au kwa kufoka, kwa kumkabili msikilizaji au kwa kumpa kisogo, si sehemu ya swali. Katika tamthilia, hata hivyo, swali hilo la tano ndilo ambalo mara nyingi huyatolea majibu yale manne.

Wanaotetea elimu ya sanaa shuleni huitetea aghalabu kwa manufaa yaliyo nje yake. Husema kwamba sanaa hujenga nidhamu, hunoa akili kwa ajili ya hisabati, na huwapa vijana riziki. Huenda hoja hizo zina ukweli wake, lakini zinamwachia mpinzani mlango wazi: likipatikana somo jingine la kujenga nidhamu kwa gharama ndogo, sanaa haitakuwa na mtetezi. Makala haya yanajikita katika hoja finyu zaidi, nayo ni kwamba matini za Kiswahili ambazo shule inazitahini hazieleweki barabara bila kutendwa. Hapa sanaa si pambo la somo la fasihi. Ni njia ya kulifikia.

Mfano ulio karibu zaidi ni mizani. Mwanafunzi hufundishwa kwamba mshororo wa shairi la kimapokeo una mizani 16, nane kila kipande, kisha huachwa ahesabu kwa jicho. Jicho halimfai. Akishakariri kwamba silabi ni konsonanti na irabu yake, atalihesabu neno "mtu" kuwa na mizani moja na "nchi" vivyo hivyo, ilhali kila moja lina mizani mbili, kwa kuwa nazali iliyotangulia ni silabi kamili. Akisahihishwa, atahamia kosa la pili: ataihesabu kila nazali, na "nyumba" itakuwa na mizani tatu. Neno "mbuni" ndilo mtego wenyewe. Mbuni aliye ndege ana silabi mbili. Mbuni anayebuni ana tatu. Maandishi ni yale yale, na hakuna kanuni ya tahajia itakayomtoa mwanafunzi katika utata huo. Aliyezoea kughani hapati shida, kwa sababu mahadhi yatamkwamia pale mizani inapopungua au kuzidi. Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954), aliifanya sifa ya kuimbika kuwa sharti la shairi. Shule imezirithi sheria zake na kuuacha wimbo uliozizaa. Mashairi huru nayo hayasalimiki. Tangu Kichomi cha Kezilahabi (1974) wanafunzi wameelezwa kwamba mashairi hayo "hayafuati arudhi", maelezo yanayotaja kisichokuwepo na kunyamaza kuhusu kilichopo, yaani pumzi na kimya kinachofuata mshororo unapokatwa.

Tamthilia inalidhihirisha tatizo hili kwa uzito zaidi. Katika Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein, mhusika mkuu anapagawa na pepo Hongo na kutoa unabii unaowaunganisha watu dhidi ya Wajerumani. Ndani ya unabii huo huo mna kauli kwamba watu wa nchi hii watakuwa watoto wa Seyyid Said, kauli ambayo Kinjeketile mwenyewe, akisharudiwa na fahamu, inamtia fadhaa. Uhakiki wa darasani huipitia sehemu hii kwa haraka: Kinjeketile ni kiongozi, ni mzalendo, ni mwenye imani, dhamira ni umoja na ukombozi. Orodha hiyo haina kosa, wala haina faida kubwa. Mwigizaji anayepewa nafasi hiyo hawezi kujificha nyuma ya orodha. Lazima aamue kama sauti ya aliyepagawa itakuwa tofauti na sauti ya Kinjeketile wa kila siku. Akiibadilisha kabisa, Hongo anakuwa nguvu halisi, na anayeukana utawala wa Seyyid Said anaikana amri iliyotoka juu yake. Akiiacha sauti iwe ile ile, hadhira itaanza kushuku kwamba unabii umetoka katika akili ya mtu mmoja, pamoja na mipaka ya akili hiyo. Kila uamuzi unaibadilisha maana ya maji, na unabadilisha pia uzito wa hoja za Kitunda, anayetaka watu wafunzwe vita kabla ya kupigana. Swali kuu la kifalsafa katika tamthilia hii, la neno linalomponyoka msemaji wake, limo ndani ya koo la mwigizaji. Anayeisoma kimya anaweza kufika ukurasa wa mwisho asilikute.

Huenda ikajibiwa kwamba utendaji haukosekani katika shule za Kenya. Tamasha la muziki lilianza mwaka 1927, na la drama mwaka 1959. Si nchi nyingi zenye urithi kama huo. Lakini tamasha ni mashindano ya wachache waliochaguliwa, na michezo inayopelekwa huko kwa kawaida hutungwa kwa ajili ya mashindano yenyewe. Kitabu teule hubaki darasani. Kuna pia vikundi vya waigizaji wanaozunguka shuleni wakiigiza vitabu teule kwa malipo. Vinasaidia, ila vinamgeuza mwanafunzi kuwa mtazamaji wa maamuzi yaliyokwisha kufanywa na wengine. Kwamba jukwaa lina nguvu ambayo karatasi haina, serikali inalijua vizuri kuliko idara nyingi za lugha. Mnamo Aprili 2025, huko Nakuru, wasichana wa Butere walioandaa mchezo wa Kiingereza, Echoes of War, waliimba wimbo wa taifa na kuondoka jukwaani bila kuigiza, ingawa Mahakama Kuu ilikuwa imeagiza waruhusiwe. Polisi walitumia vitoa machozi kuwatawanya watu. Hakuna swali la dondoo lililowahi kuleta vitoa machozi.

Mtaala wa umilisi ulitazamiwa kuurekebisha utengano huu, lakini katika sekondari ya juu, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza Januari 2026, umeupa ukuta. Fasihi ya Kiswahili imewekwa katika mkondo wa sayansi ya jamii. Thieta na filamu zimewekwa katika mkondo wa sanaa na michezo. Hata pale mchanganyiko wa masomo unapomruhusu mwanafunzi kuvuka, somo la upande mmoja halimtegemei mwalimu wa upande wa pili. Hivyo Kinjeketile wa matini atakuwa na mwalimu wake, na Kinjeketile wa jukwaa, akibahatika kuwapo, atakuwa na mwingine.

Pingamizi lenye mashiko ni la upimaji. Darasa la wanafunzi 60 haliwezi kuigiza tamthilia nzima, na alama za uigizaji ni vigumu kuzilinganisha kutoka shule moja hadi nyingine. Muziki na sanaa vilipoacha kutahiniwa katika mtihani wa darasa la nane, walimu wengi walivigeuza vipindi vyake kuwa vya masomo yaliyosalia, kisichotahiniwa hakifundishwi. Lakini kinachohitaji kupimwa si kipaji. Kifungu kimoja cha maneno ya Kinjeketile chaweza kusomwa kwa sauti na wanafunzi wawili kwa namna mbili zinazopingana, darasa zima likisikiliza, kisha kila mmoja akaandika ni usomaji upi unaolingana zaidi na tamthilia na ni ushahidi gani wa matini unaomuunga mkono. Shughuli hiyo inatosha katika kipindi kimoja cha dakika 40. Insha itakayotokana nayo inaweza kusahihishwa na mtahini yule yule anayesahihisha dondoo.