"Siri" Si "Faragha"

Katika maelezo ya Kiswahili yanayohusu vyombo vya nyumbani viunganishwavyo na intaneti, kama vile kamera, runinga na spika, pengine hutumika maneno "sera ya siri" au "ulinzi wa usiri" mahali panapostahili "faragha". Wapo wafasiri wanaoshikilia kwamba maneno haya ni mamoja. Sisi hatuafiki.

Siri ni jambo alifichalo mtu ili wengine wasilijue. Faragha ni hali ya kuwa mbali na macho na masikio ya watu, hata kama hakuna linalofichwa. Mtu aogaye hana siri yoyote, lakini anastahili faragha.

Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Mwaka 2023, nchini Marekani, kampuni ya Amazon ilikubali kulipa dola milioni 25 baada ya kushtakiwa kwamba huduma yake ya Alexa ilihifadhi sauti za watoto hata pale wazazi walipotaka zifutwe. Mtoto aombaye wimbo hana siri. Kilichoshitakiwa ni kuingiliwa kwa faragha yake.

Wala jambo hili haliko mbali nasi. Mitambo ya umeme wa jua iuzwayo vijijini kwa malipo ya kidogo kidogo huweza kumpelekea muuzaji habari za matumizi kwa njia ya mtandao wa simu, naye huweza kuizima akiwa mbali. Mkulima wa kahawa wa Songambele, wilayani Kyerwa, akipewa mkataba usemao "tutalinda siri zako", atajibu kuwa hana siri, kisha atatia sahihi. Akisomewa "faragha yako", ana sababu ya kuuliza: ni nani ajuaye saa niwashapo taa, na habari hiyo ni ya kazi gani?

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ina kichwa kinachotaja "haki ya faragha". Nayo sheria ya mwaka 2022 inalinda "taarifa binafsi", ziwe za siri au zisiwe za siri.

Yupo atakayesema kwamba "faragha" ni neno gumu kwa mwanakijiji. Neno gumu hufafanuliwa. Neno lisilo lake humnyima mtu haki bila yeye kujua. Twapendekeza basi "siri" ibakie kwenye nyaraka na mambo yafichwayo, na "faragha" itumike popote inapotajwa haki ya mtu nyumbani mwake.