Jinsi awamu ya Zak ilivyopimwa kwa atomi baridi

Mchoro wa kanda ya nishati, yaani wa nishati ambazo chembe inaweza kuwa nazo ndani ya safu, hausemi yote. Safu mbili za atomi zinaweza kuwa na kanda zinazofanana kabisa, ilhali mawimbi yanayoivuka kanda nzima yakatofautiana awamu kwa pai, yaani nusu mzunguko. Awamu hiyo, aliyoichambua Joshua Zak mwaka 1989, ndiyo iliyopimwa na kundi la Immanuel Bloch mjini Munich, Ujerumani, mwaka 2013.

Hawakutumia fuwele. Walipandanisha mwanga wa leza wa nanomita 767 na wa nanomita 1,534, wakapata safu ya mabonde yaliyokaa mawili mawili, kisha wakaweka humo atomi za rubidi-87 zilizopozwa karibu na sifuri halisi. Wakibadili awamu ya mwanga mmoja dhidi ya mwingine, jozi zinabadilika: bonde lililoshikamana na jirani wa kulia sasa linashikamana na wa kushoto.

Pigo la mikrowevu liliiweka kila atomi katika hali mbili za spini kwa wakati mmoja. Kwa kuwa usumaku wa hali hizo unapingana, uga wa sumaku usio sare ulizisukuma pande tofauti hadi zikakutana ukingoni mwa kanda. Awamu itokanayo na nishati ilijifuta yenyewe, maana nusu mbili za kanda ni sawa. Kikwazo kilikuwa uga wa sumaku, unaoyumbayumba kila jaribio. Dawa yake ni mwangwi wa spini: pigo linalobadilishana spini ukingoni, ili kilichokusanywa wakati wa kwenda kifutwe wakati wa kurudi. Lakini mwangwi huo ungefuta na awamu ya Zak pia.

Basi wakabadili jozi papo hapo, pigo lilipopita. Atomi zilikwenda katika mpangilio mmoja, zikarudi katika mwingine. Kelele ikafutika, tofauti ya awamu za Zak ikabaki. Kwangu hapa ndipo penye ustadi mkubwa, kwa sababu awamu ya kila mpangilio peke yake hutegemea mpimaji ameanza kuhesabu jozi kutoka bonde gani. Tofauti haitegemei hilo.

Walirudia jaribio bila kubadili jozi, wakalinganisha. Tofauti ilikuwa 0.97 ya pai, kosa likiwa 0.02, ilhali nadharia inadai pai kamili. Mwaka 2015 kundi hilohilo lilihamia safu za pande mbili, likasukuma wingu la atomi na kupima lilivyokengeuka kwenda ubavuni, likapata namba ya Chern (namba nzima inayoitambulisha kanda ya pande mbili, kama awamu ya Zak katika safu) ya 0.99, kosa 0.05, mahali ambapo nadharia inataka 1.