Wanaofundisha Kuchora Giza la Bahari

Mtoto akiambiwa achore samaki wa kina kirefu, mara nyingi huanza na maji ya buluu na jua juu yake. Mwalimu wa sanaa ndiye anayemkumbusha kwamba chini ya mita 1,000 mwanga wa jua haufiki kabisa.

Hapo kazi inaanza. Watoto huchora kwa krayoni za nta samaki mwenye taa mwilini, wakikandamiza mpaka karatasi ing'ae. Kisha hupaka juu yake rangi ya maji, nyeusi au buluu iliyokolea. Nta huikataa rangi, na samaki hujitokeza gizani. Aliyechora kwa mkono mwepesi, samaki wake humezwa; mwalimu humtafutia karatasi nyingine, pengine aliyoinunua mwenyewe.

Silikanti, samaki wa kina kirefu anayepatikana pia Tanga, anadai subira zaidi: mapezi yenye mashina ya nyama, mkia wa sehemu tatu, madoa meupe yanayotofautiana samaki kwa samaki. Mwalimu huyahesabu mapezi pamoja na mtoto, lakini penseli hamshikii. Kujizuia huko ni kugumu kuliko kunavyoonekana.

Kengele ikilia, yeye hubaki akiosha brashi, akianika michoro na kukwangua nta mezani, maana kipindi kinachofuata ni hisabati.