Scrooge Angekopesha Tandika: Dickens Alivyomgeuza Bahili kwa Usiku Mmoja

Mkesha wa Krismasi jijini London, mtoto mmoja anasimama nje ya ofisi ya mkopeshaji. Baridi inamtafuna pua. Anainama kwenye tundu la ufunguo na kuanza kuimba wimbo wa sikukuu, akitumaini kupewa chochote. Mwenye ofisi anadaka rula kwa ghadhabu, na mtoto anatimua mbio. Basi. Tukio zima ni sentensi chache, na msomaji mwenye hamu ya kukutana na mizimu hulipita mbiombio. Lakini kugeuka kwa Ebenezer Scrooge, bahili anayejulikana kuliko wote katika fasihi ya Kiingereza, kunaanzia kwa mtoto huyo.

Charles Dickens aliitoa A Christmas Carol tarehe 19 Desemba 1843, baada ya kuiandika kwa takriban wiki sita. Nakala 6,000 za toleo la kwanza ziliisha kabla sikukuu yenyewe haijaingia. Ni kitabu chembamba cha sura tano. Siku ya foleni, abiria wa Mbagala kwenda Kariakoo anaweza kukimaliza kwa safari ya kwenda na kurudi. Scrooge, mkono wa birika asiyetaka hata karani wake aongeze kipande cha makaa kwenye moto, anatokewa na mzimu wa Jacob Marley, mshirika wake aliyekufa miaka saba nyuma. Baada ya Marley wanakuja wengine watatu: wa Krismasi zilizopita, wa Krismasi ya sasa na wa zile zijazo. Kunapokucha, Scrooge ni mtu mwingine.

Mizimu ni rahisi kuandika. Kazi ipo asubuhi, pale msomaji anapotakiwa kukubali kwamba mzee aliyelala mchoyo ameamka mkarimu na asiseme moyoni kwamba amedanganywa.

Watengenezaji filamu wa Kinondoni, Sinza na Mwananyamala wanaijua kazi hiyo. Tangu Mussa Banzi alipotoa Nsyuka na Shumileta miaka ya 2000, majini na mizimu hawajawahi kukosa nafasi katika filamu za Bongo, na tajiri asiye na huruma ni mhusika wao wa kudumu. Mpangilio nao umezoeleka: tajiri anawanyanyasa ndugu na wafanyakazi kwa saa nzima, anatokewa na kitu cha kutisha, anapiga magoti, analia, anaomba radhi, muziki unapanda, mwisho. Watazamaji wa kibanda umiza hucheka pale ambapo mwongozaji alitaka walie. Wanaogopa pamoja na tajiri huyo vizuri tu. Toba yake ndiyo hawaiamini.

Dickens mwenyewe alikwishafanya kosa hilohilo. Katika Pickwick Papers, riwaya iliyotoka kwa mafungu mwaka 1836 na 1837, kuna kisa cha Gabriel Grub, mchimba makaburi mwenye roho mbaya ambaye mkesha wa Krismasi anatekwa na vibwengo. Vibwengo wanamwonyesha picha za watu wema, na kati ya picha na picha wanampiga mateke. Grub anageuka, lakini anaona haya kurudi kwa watu waliomjua. Anahama mji, anarejea baada ya miaka kumi akiwa mzee wa matambara anayesumbuliwa na baridi yabisi. Kisa kinachekesha, hakigusi. Mtu aliyepigwa akakoma amekoma kwa sababu ya maumivu, na msomaji hana namna ya kujua kama ndani yake kuna kilichohama.

Miaka saba baadaye Dickens aliirudia kanzu hiyohiyo na kuishona upya. Hakuna anayempiga Scrooge. Na hapo ndipo panapohitaji kutazamwa kwa karibu.

Mzimu wa kwanza unampeleka kwenye shule aliyosoma, sikukuu, wenzake wote wamekwenda makwao. Amebaki mtoto mmoja peke yake, anasoma kitabu kando ya moto hafifu. Mtoto huyo ni yeye. Kinachotokea dirishani kinastahili kumchangamsha msomaji wa Kiswahili: anapita Ali Baba, yuleyule wa Alfu Lela Ulela, na mzee Scrooge anashangilia kama mtu aliyekutana na rafiki wa utotoni. Kisha anamwonea huruma yule mtoto mpweke, yaani anajionea huruma mwenyewe. Hapo hapo anamkumbuka mwimbaji wa jana aliyemtishia kwa rula, na anasema angependa kuwa alimpa kitu. Mzimu unaposikia hivyo, unatabasamu tu na kumpeleka kwingine.

Hiyo ndiyo hatua ya kwanza, na udogo wake ndio unaoifanya iaminike. Scrooge hajaahidi kubadilika wala hajatubu. Amejutia senti moja, kwa mtoto mmoja, kwa sababu alikwisha kumhurumia mtoto mwingine. Dickens anamruhusu aanze na huruma ya nafsi, ile ambayo hata bahili anayo, kisha anaivuta kidogo iwafikie wengine.

Hatua ya pili ina ufundi mkubwa zaidi. Wanafika kwa mzee Fezziwig, tajiri aliyemfundisha Scrooge kazi ujanani, usiku wa dhifa. Watu wanacheza, fidla inalia, wafanyakazi wamekaribishwa pamoja na jirani na mpishi. Mzimu unabeza: yote haya kwa pauni tatu au nne, ana nini cha kusifiwa? Mzimu umesema maneno ambayo Scrooge mwenyewe angeyasema jana. Scrooge anapandwa na hasira, anaanza kumtetea Fezziwig: mwajiri ana uwezo wa kuifanya kazi iwe nyepesi au mzigo, na furaha aliyowapa watu wake ina thamani kama vile iligharimu mali nyingi. Halafu ananyamaza ghafla. Amejisikia. Anaulizwa kuna nini, anajibu kwamba hakuna kitu, ila angependa kusema neno moja au mawili na karani wake.

Hotuba ya maadili imetolewa na bahili, akimpinga aliyejifanya bahili. Mtunzi wa Kinondoni angempa mzimu hotuba hiyo, au mama mzee wa kijijini, au mchungaji, na tajiri angesikiliza kichwa chini. Dickens alijua kwamba mtu huamini hoja aliyoitoa kwa kinywa chake katikati ya ubishi. Ndiyo maana kadiri Scrooge anavyoanza kujisemea, haja ya mizimu kusema inapungua, mpaka yule wa mwisho hatamki hata neno. Ananyoosha kidole tu, na Scrooge anajiuliza na kujijibu.

Shaaban Robert alikabiliana na tatizo hilohilo katika Adili na Nduguze, iliyochapishwa mwaka 1952. Naye alichota kisimani alikochota Dickens Ali Baba wake, katika masimulizi ya Alfu Lela Ulela, kwenye hadithi ya mtawala na nduguze wawili wenye husuda. Hasidi na Mwivu wanamtosa Adili baharini kwa tamaa, na jini Huria anawageuza manyani. Kila usiku Adili analazimika kuwachapa, kisha anawalisha na kulia. Katika masimulizi ya asili ndugu hao wanaporudishiwa ubinadamu wanarudia uovu, na mwisho wao ni kuuawa. Shaaban Robert aliukataa mwisho huo. Wake wanatubu na kusamehewa.

Uamuzi huo unamwonyesha mwandishi aliyeamini kwamba binadamu anaweza kutengenezeka. Kiufundi, hata hivyo, alijibebesha mzigo mzito, kwa kuwa wakati wote wa adhabu Hasidi na Mwivu ni manyani, na nyani hasemi. Msomaji anaona mijeledi na haoni fikra. Anayeonekana waziwazi akiteseka na kupevuka ni Adili, mwenye kushika mjeledi. Pengine ndicho alichokitaka mwandishi. Lakini toba ya nduguze inapokuja, msomaji anaipokea kwa heshima ya Shaaban Robert zaidi kuliko kwa ushahidi wa wahusika.

Kwa Scrooge ushahidi upo, na hofu inawekwa mahali pake, mwisho. Mzimu wa pili umekwisha kumwonyesha Tim, mtoto mlemavu wa karani wake Bob Cratchit anayelipwa shilingi 15 kwa wiki, na Scrooge ameuliza kama mtoto huyo ataishi. Anajibiwa kwa maneno yaleyale aliyowatupia wachangishaji wa sadaka siku iliyotangulia, kwamba maskini wakifa idadi ya watu iliyozidi itapungua. Anainamisha kichwa kwa aibu. Anapofika kwenye sura ya nne, ile ya kutisha, wanaume wanazungumzia maziko ya mtu kwa mzaha wakiulizana kama msibani kutakuwa na chakula, na wanawake wanauza mapazia ya kitanda chake kwa mnunuzi wa vitu chakavu. Scrooge anatazama huku na huku akijitafuta, kwa kuwa moyoni amekwisha kuazimia kuishi vingine na anataka kujiona alivyobadilika. Kaburi linakuja baada ya hapo. Kwa hiyo hofu haimgeuzi Scrooge; inamfungia mlango wa kurudi nyuma.

Kisha asubuhi, na Dickens anafungua daftari. Katika sura ya kwanza Scrooge aliwanyima watu kadhaa, mmoja baada ya mwingine: mpwa wake Fred aliyemwalika chakula, wachangishaji wa sadaka, mtoto mwimbaji, na Bob wa makaa. Sura ya tano inawalipa karibu wote. Bata mzinga mkubwa kuliko wote dukani anapelekwa kwa akina Cratchit huko Camden Town, na nauli ya gari analipa yeye. Mchangishaji ananong'onezwa kiasi kikubwa, pamoja na malimbikizo ya nyuma. Fred anapata mgeni. Bob, aliyechelewa kazini dakika kumi na nane na nusu, anaongezewa mshahara na kuamriwa anunue ndoo nyingine ya makaa. Mwimbaji hajulikani aliko, lakini mtoto mwingine aliyetumwa dukani anaahidiwa nusu krauni akirudi haraka. Hakuna mahali Scrooge anapoeleza kwa kirefu kwamba ametubu. Anatoa fedha, na fedha ndicho kitu pekee ambacho kwa bahili kinauma kuliko machozi.

Mhakiki wa Marekani Edmund Wilson aliwahi kuandika kwamba Scrooge wa kweli angeirudia hali yake sikukuu ikiisha. Ni shaka ya haki, ingawa ukali wake unapungua mtu akiyahesabu malipo hayo.

Shaka kubwa zaidi ingetoka Temeke. Katika sura ya nne kuna mume na mke vijana wanaodaiwa na Scrooge. Wamekaa roho mkononi, hawana cha kulipa, na habari ya kifo chake inawapa nafuu mpaka mke anaona haya kwa furaha yake. Baada ya hapo hawaonekani tena. Scrooge anapoamka hai, deni lao nalo limeamka, na Dickens haandiki hata mstari kuwahusu. Ajabu, maana baba yake mwenyewe alifungwa katika gereza la Marshalsea mwaka 1824 kwa madeni, na Charles wa miaka 12 akapelekwa kufanya kazi kwenye kiwanda cha rangi ya viatu.

Mama lishe wa Tandika au Mbagala Rangi Tatu angewaulizia hao kwanza. Mikopo ya kausha damu anaifahamu: rejesho la kila siku au kila wiki, kadi ya benki iliyoshikiliwa, na rejesho likikwama, friji na godoro vinatolewa nje majirani wakitazama. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilikuja kuwabana wakopeshaji, na Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili. Mtaani kausha damu bado ni jina la kutisha kuliko jini lolote. Kwa mtazamaji huyo, bata mzinga hatoshi. Mpaka friji lirudi ndani, Scrooge hajageuka.

Pengo hilo linajazika, na vifaa vya kulijaza vipo hapahapa. Marley hahitaji kuja na minyororo ya visanduku vya fedha na vitabu vya hesabu; pwani, marehemu akija ndotoni watu hujiuliza anadai dua au sadaka gani, na mkopeshaji aliyemwota mshirika wake hatalala tena. Krismasi inaweza kubaki Krismasi, au ikawa usiku wa kuamkia Idi, ambao una faida moja ya kiufundi ambayo Dickens hakuwa nayo: zaka ya fitri inatakiwa itolewe kabla ya sala ya Idi. Bahili ana saa chache za kuhesabika, na kila mtazamaji Temeke anajua saa hizo zinaisha lini.

Dickens alifariki mwaka 1870, na kitabu chake hakina tena mwenye hakimiliki. Alipoibiwa kazi hii mwaka 1844 aliwashtaki wezi na kushinda, wakafilisika, gharama za kesi za takriban pauni 700 zikamwangukia yeye. Wasanii wa Bongo waliowahi kukuta filamu zao zikiuzwa kwenye santuri za wizi watamwelewa. Leo anayetaka kuigeuza iwe filamu au igizo la Kiswahili halipi chochote kwa yeyote. Atakayejaribu aanze na wale mume na mke wenye deni.