Mama Yake Atafanya Nini?

Mdogo wangu ana miaka tisa, na shule yake ya pili ni kibanda cha video hapa Kisenyi. Jumapili mchana utamkuta kwenye benchi la mbele. VJ anatafsiri kwa Kiganda, anaongeza mizaha yake, na watoto wanahesabu maiti kwa sauti. Siku moja alirudi nyumbani akichekelea kwamba staringi kaua watu arobaini. Nikamuuliza walikuwa akina nani. Hakujua.

Watu wazima wengi huchagua filamu za watoto kwa kuangalia yasiyokuwemo: hamna damu, hamna matusi, hamna mapenzi. Kwa maoni yangu kipimo hicho hakitoshi. Filamu inayomfaa mtoto ni ile ambayo kila anayeumia ndani yake ana mtu wa kumlilia. Nitazitazama mbili kwa kipimo hiki.

Ya kwanza ni Queen of Katwe (2016) ya Mira Nair, inayosimulia maisha ya Phiona Mutesi. Kutoka kwetu hadi Katwe ni mwendo wa miguu. Phiona anauza mahindi, anajifunza sataranji kwa kocha Robert Katende, na hatimaye anashindana ng'ambo. Wengi huisifu kwa ushindi huo. Mimi naisifu zaidi kwa Night, dada yake, anayemfuata mwanamume mwenye pikipiki na pesa. Filamu haimtukani wala haimfichi, na mama yao, Harriet, anaendelea kumwonea uchungu. Msichana wa miaka kumi na minne hapa mtaani anamjua Night wake, naye anahitaji kumwona akitazamwa kwa huruma. Kasoro yake ni lugha: wahusika wa Katwe wanazungumza Kiingereza, na mtoto mdogo anaachwa nyuma. Kwa hiyo naiweka kwa vijana.

Kwa wadogo nachagua Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina wa Kenya. Humo Kiswahili kinasikika kama tunavyokisikia katika maduka ya Kisenyi. Jo ana miaka tisa, anapenda filamu za mashujaa, na ugonjwa wake hauna tiba. Mama yake anamtoa hospitalini amrudishe nyumbani. Dada yake, Mwix, anamfanya aamini kwamba ana nguvu za ajabu, kisha kijiji kizima kinaungana kutengeneza filamu ambayo Jo ndiye shujaa wake. Mama ni mkunga: huwapokea watoto wa wenzake, lakini wake hawezi kumzuia asiondoke. Naona kijiji kinakubaliana upesi mno, kwa maana mitaa ninayoijua hubishana hata juu ya mfereji wa maji machafu. Hata hivyo filamu haimdanganyi mtazamaji. Jo anakufa.

Jirani yetu mmoja, mama wa watoto wanne, alinionya. "Mwanangu, hiyo ya mtoto kufa usiwaonyeshe wadogo. Watalala vipi?" Hoja yake nzito, nami sikuipuuza. Lakini watoto hao tayari wanaona vifo kila Jumapili, tena vya kuchekwa. Hapa mtaani wameshahudhuria matanga pia. Wasichopewa ni mahali pa kuuliza.

Basi niliwakalisha watano mbele ya kompyuta yangu, nami nikakaa nao hadi mwisho, kwa kuwa filamu kama hii haifai kumwachia mtoto peke yake. Mwanzoni walicheka, kisha wakatulia. Ilipokwisha, mdogo wangu hakuuliza staringi kaua wangapi. Aliuliza, "Mama yake atafanya nini sasa?"

Sikuwa na jibu zuri. Tulizungumza mpaka giza likaingia. Jumapili iliyofuata alirudi kibandani kama kawaida, wala sikumzuia. Jioni aliniambia kwamba katika filamu ya siku hiyo mlinzi mmoja alipigwa risasi langoni, na hakuna aliyekwenda kuwaambia watu wa nyumbani kwake.