"Maambukizi": Neno Moja kwa Dhana Tatu

Mfasiri anayekabidhiwa taarifa ya malaria hukutana na dhana tatu zilizo mbalimbali. Ya kwanza ni sehemu ya watu wanaokutwa na vimelea katika damu siku ya kupimwa. Ya pili ni idadi ya watu wanaopata vimelea upya katika muda maalumu, kama mwezi au mwaka. Ya tatu ni kile kitendo chenyewe cha mbu kuvitoa vimelea kwa mtu mmoja na kuvipeleka kwa mwingine. Maandishi mengi ya afya yamezoea kuzipa dhana zote tatu jina moja, yaani "maambukizi". Sisi tunaona kwamba mazoea haya yanapotosha, na tunapenda kuyapima kwa mfano wa Wilaya ya Rungwe.

Mji wa Tukuyu uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, chini ya Mlima Rungwe. Hali yake ni ya baridi, na vimelea vya malaria kali hukua kwa shida ndani ya mbu joto linaposhuka chini ya nyuzi 18 hivi. Lakini kutoka hapo ardhi huteremka hadi Kyela, wilaya ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Rungwe, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa ulio katika mwinuko wa mita 500 hivi. Huko kuna joto, mashamba ya mpunga na mbu wengi. Watu hushuka na kupanda kwa ajili ya kilimo, biashara, ndoa na misiba. Aidha, wakazi wa milimani hawana kinga kubwa inayotokana na kuugua mara kwa mara. Kwa hiyo mwaka wenye joto na mvua zisizo za kawaida waweza kuzusha mlipuko unaowaangusha wakubwa kwa wadogo.

Sasa na tuchukue sentensi hii: "Kiwango cha maambukizi katika kata hii ni kidogo." Ikiwa maana yake ni kwamba waliokutwa na vimelea walikuwa wachache, basi haisemi lolote juu ya hatari ya mlipuko. Lakini ofisa anayeisoma kwa maana ya tatu ataamini kwamba mbu wa kata hiyo hawaambukizi tena, na huenda akaona kugawa vyandarua ni kupoteza fedha. Tena, mtu aliyeumwa na mbu Kyela akatibiwa Tukuyu, ahesabiwe katika "maambukizi" ya wapi? Wa kutibiwa wako mlimani, bali mbu wa kupigwa vita wako bondeni. Istilahi isiyotenganisha mambo hayo mawili haimsaidii mpangaji.

Takwimu za taifa zina tatizo hilohilo. Upimaji wa damu za watoto wa miezi 6 hadi 59 Tanzania Bara ulionyesha asilimia 18 hivi wenye vimelea katika mwaka 2007–08, na asilimia 7 hivi mwaka 2017. Hayo ni mafanikio makubwa. Hata hivyo, mfasiri anayeandika kwamba "wagonjwa wapya wamepungua" kwa asilimia hizo amesema jambo ambalo upimaji huo haukulipima.

Wapo watakaosema kwamba wananchi wamekwisha lizoea neno hili. Ni kweli, nasi hatutaki liachwe. Tunataka lipewe mpaka wake, maana mnyambuliko wa Kiswahili unatosha kwa kazi hiyo. Kitendo kiitwe "uambukizaji". Hesabu ya muda maalumu iitwe "maambukizi mapya". Sehemu ya watu waliokutwa na vimelea iitwe "kiwango cha wenye vimelea". Wengine hutumia neno "ushamiri" kwa dhana hii ya mwisho. Ni neno fupi, lakini kushamiri ni kustawi na kuenea, na kiwango cha asilimia moja hakiwezi kusemwa kuwa kimestawi.

Kwamba istilahi nzuri ya tiba yawezekana, tunao ushahidi. Tangu mwishoni mwa mwaka 2006, Tanzania Bara ilipoanza kutumia dawa ya artemeta na lumefantrini zilizochanganywa katika kidonge kimoja, watu wameiita "dawa mseto". Kila aliyewahi kula mchele uliopikwa pamoja na choroko ameelewa bila kufafanuliwa kwamba viungo ni viwili na chungu ni kimoja. Jina hilo linaeleza kanuni ya tiba yenyewe.

Hatudai kwamba mapendekezo yetu yana ladha ya mseto. Tunadai tu kwamba yanatenganisha yanayopaswa kutenganishwa. Tunawaomba walimu wayajaribu madarasani, na wafasiri wayatumie katika taarifa za wilaya. Yatakayomkwaza msomaji wa kijijini tuarifiwe, ili yarekebishwe kabla ya kusanifiwa.