Bomba Lisilo na Kazi Humpima Fundi

Nyumba nyingi za zamani za New York na Chicago bado hupashwa joto kwa mvuke, na mtu akiondoa rejeta moja ili apanue jiko, nyuma yake hubaki bomba lisilo na kazi. Kulifunga huonekana jambo dogo, lakini sijaona kazi inayomwanika fundi kuliko hiyo.

Mtazame kabla hajashika spana. Fundi mzuri hulifuata bomba kwa mkono na kurunzi mpaka mwisho wake, kwa sababu mengine yanaonekana ya bure kumbe ndiyo tegemeo la mfumo. Lile linalolala karibu na sakafu, baridi wakati mengine yanaunguza, kwa kawaida hurudisha maji kwenye boila. Na lile pindo la ubavuni mwa boila, ambalo kampuni ya bima ya boila ya Hartford ililisisitiza tangu mwaka 1919, huzuia boila kukauka bomba la kurudishia likitoboka. Anayetaka kuyakata hayo, mpe nauli aende zake.

Kisha angalia amekata wapi. Hapa ndipo penye ustadi wenyewe. Katika mfumo wa bomba moja, mvuke hupanda na maji yake hushuka humo humo. Anayelipua kazi hufunika ncha ya juu, akaondoka. Kipande kilichobaki kikiwa kimebonyea katikati, maji hutuama. Mvuke ukiyagusa hunywea ghafla, ujazo wake ukipungua takriban mara 1,700, na maji hurushwa kwa kishindo cha nyundo kinachoamsha nyumba nzima. Fundi wa kweli hurudi hadi bomba kuu, aking'oe kipande chote na kuziba pale pale kwenye tii. Lakini kikiwa kimesimama wima ndani ya ukuta, kiachwe: maji hushuka yenyewe, na hewa iliyofungiwa humo huzuia mvuke. Kikiwa kimelala na hakiwezi kung'olewa, weka pimamaji. Kiinamie bomba kuu angalau inchi 1 kwa kila futi 10.

Kizibo nakipenda cha chuma, hesi zimesuguliwa kwa brashi ya waya hadi zing'ae. Valvu iliyofungwa tu siihesabu. Siku moja itavuja. Kama bomba lililotolewa lilibeba valvu ya kutolea hewa, ihamishiwe kwingine kwenye bomba kuu, la sivyo rejeta za mbali zitachelewa kupata moto. Gamba jeupe la zamani lililozungushiwa bomba huenda ni asbesto. Asiliguse mtu asiye na leseni.

Kabla ya kulipa, mwambie awashe boila ikiwa baridi kabisa, shinikizo lisizidi pauni 2 kwa inchi ya mraba. Simama karibu na kizibo, usikilize mpaka rejeta ya mwisho ipate moto. Bomba likigonga hata mara moja, kazi haijaisha.